Achia ya Tanga na Achia ya Molo

Mimi ni mtu wa haraka. Mama alikuwa akisema kwamba nilizaliwa mkunga akiwa bado anatafuta glavu, na sijapunguza mwendo tangu siku hiyo. Nilipofika Virginia, Marekani, nikiwa na miaka ishirini na moja, nikapata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee pale Annandale, na huko haraka yangu ikawa kosa. Msimamizi aliniita ofisini mara mbili kwa sababu nilisukuma viti vya magurudumu kana kwamba kuna kombe mwisho wa korido. Nilijitetea kwamba bibi niliyekuwa nikimsukuma alikuwa anapiga makofi. Msimamizi akasema makofi hayamo kwenye kanuni.

Mahali pamoja tu haraka hiyo iliheshimiwa, napo ni uwanjani. Kila Jumapili, watu wakishatoka kanisani, Waswahili wa kila namna tulikutana Beltsville kwenye kiwanja kimoja cha nyasi nyuma ya shule. Wakenya, Watanzania, Wakongomani, Warundi wawili watatu, wanaume kwa wanawake, kwa kuwa wanawake peke yetu hatukutosha timu mbili. Mimi nilicheza namba tisa. Sikuchaguliwa na mtu. Nilifika, nikasimama pale mbele, na wa kuniondoa hakutokea.

Pembeni yangu alicheza rafiki yangu, Mkongomani wa Bukavu aliyeingia nchi ile kama mkimbizi. Alifua mashuka katika hoteli moja karibu na uwanja wa ndege wa Dulles, na mikono yake ilinukia sabuni hata akiwa ametoka jasho. Alikuwa na gari dogo la kijani ambalo mlango wa abiria ulifunguliwa kutoka nje tu. Mimi sikuwa na gari wala leseni, kwa hiyo kila Jumapili alinipitia Annandale, akashuka, akazunguka kunifungulia mlango kama dereva wa waziri, na safari nzima tukabishana habari za mpira. Tukiwa uwanjani hatukubishana. Tulipeana pasi bila kutazamana, na mabeki wa Beltsville walituogopa, nalisema hilo bila haya yoyote.

Jumapili moja ya masika, maana kule masika yao ni baridi iliyoanza kuona aibu, alikuja mzungu mmoja akasimama kando ya uwanja na koti la mvua. Mechi ilipokwisha alituita sisi wawili. Alikuwa Mwingereza, mtu wa miaka hamsini hivi, magoti mabovu, na alikuwa kocha wa timu ya wanawake iliyofanya mazoezi Herndon. Ligi yao ilikuwa ya chini kabisa, ile ambayo ukishuka kutoka hapo unaangukia bustanini kwa watu. Lakini ilikuwa ligi! Ilikuwa na ratiba, waamuzi waliovaa nyeusi, safari za basi mpaka Pennsylvania na North Carolina, na jezi yenye namba mgongoni.

"Nina nafasi moja," alisema. "Ya mshambuliaji. Njooni wote wawili Jumamosi, lakini nafasi ni moja. Asiyepata asije kunililia."

Tulimjibu "Yes, coach" kwa sauti moja, kwa heshima kubwa. Kisha tukaingia kwenye lile gari dogo, tukafunga milango, tukapiga mayowe mpaka vioo vikaingia ukungu. Tangu nikiwa na miaka saba, nikipiga mpira wa makaratasi na kamba kule Molo, Kenya, nilitaka kitu kimoja tu: mtu asiyenijua aniangalie nikicheza halafu aseme huyu ni mshambuliaji. Si mtoto wa fulani, si dada wa fulani. Mshambuliaji.

Rafiki yangu alipotulia alifuta kioo kwa kiwiko, akaniangalia.

"Moja tu," alisema. "Haina shida. Mwenye atacheza muzuri, njo atabeba."

"Sawa," nikasema.

"Hakuna kukasirika."

"Nani akasirike? Si ni mpira tu."

Tulikuwa waongo wote wawili, na tulijua.

Wiki ile nilifanya kazi miguu ikiwa haigusi chini. Aliyenishika nisipae ni mama mmoja wa Tanga, mwenzangu wa zamu, ambaye pia aliishi kwenye majengo yetu, orofa moja juu yangu. Siku ya kwanza kukutana naye nilimwambia "Hi, Auntie," akanipita kana kwamba mimi ni pazia. Nikamfuata. Akageuka, akaniuliza kwa upole sana, "Huko kwenu watoto hawaamkii?" Tangu siku hiyo nilimpa shikamoo yake kila asubuhi, naye akanipa marahaba, halafu akanipa chai. Mama huyu alijua mpira kuliko watu wengi wanaolipwa kuuzungumzia. Marehemu mumewe alikuwa winga wa kulia wa timu ya bandarini, na yeye mama alidai ndiye aliyemfundisha kupiga kona. Hakuna aliyethubutu kumbishia.

"Jumamosi naomba ruhusa," aliniambia, "naja kukutazama. Sijaona mpira wa maana tangu nilipoingia nchi hii."

Jumamosi ilikuwa na jua zuri, na uwanja wa shule ya Herndon ulikuwa sawasawa kama meza. Sikuwahi kucheza kwenye nyasi zisizo na mashimo. Kwa dakika kumi za mwanzo nilikanyaga kwa woga nikisubiri shimo ambalo halikuja. Kabla ya kuanza, kocha alituketisha chini, sisi wa majaribio pamoja na wachezaji wake wa siku zote, akatueleza habari zake. Nami nazikumbuka, kwa kuwa hakuna kocha aliyewahi kunieleza mambo ya namna ile.

Alisema kwamba alipokuwa na miaka kumi na tisa alichukuliwa na timu ndogo ya ligi za chini huko kwao Uingereza, ligi ambazo watu husoma matokeo yake ikiwa tu mtoto wao anacheza. Uwanja wao ulikuwa kwenye mteremko, kipindi kimoja unapanda kipindi kimoja unashuka. Alifua jezi za wakubwa, akapiga rangi viatu vyao. Msimu wa kwanza alifunga mabao matatu: moja penalti, moja kwa goti, na la tatu mpira ulimgonga kisogoni alipogeuka kumuuliza mwamuzi saa ngapi. Gazeti la mji likaandika kwamba alikuwa amefunga kwa kichwa cha akili nyingi. Yeye hakuwasahihisha. Alicheza miaka tisa zaidi, akijitahidi awe yule mtu wa kwenye gazeti, na hakuwa.

"Kwa hiyo msinifanyie urembo," alimaliza. "Namtafuta mtu anayejua mambo kabla mpira haujamfikia. Basi."

Nilivaa kizibao cha njano, rafiki yangu naye njano. Alituweka upande mmoja makusudi, aone nani atang'aa kando ya mwenzake. Nilianza vibaya. Niliotea mara tatu, na mara ya tatu mshika kibendera alinitazama kwa huruma. Rafiki yangu alikuwa anacheza kwa utulivu kama mtu anayekunja mashuka. Kila alipogusa mpira nilimwona kocha akiandika kitu.

Kisha ukaja ule mpira.

Winga wetu alimpita beki kulia, akapiga krosi ya chini, kali, inayoteleza juu ya nyasi. Nilikuwa nimeshamtangulia beki wangu. Mpira unakuja, mimi nakuja, kipa ametoka nusu, na mguu wangu wa kulia umeshaanza kurudi nyuma. Katika maisha yangu mafupi ya mshambuliaji sikuwa nimepewa kitu kitamu namna ile. Hapo ndipo niliposikia sauti ya Mama wa Tanga kutoka kando ya uwanja, kubwa, yenye mamlaka yote ya bandarini.

"Achiaaa!"

Nami nikaachia. Nilitanua miguu, mpira ukapita katikati. Kipa alikuwa ameshanirukia mimi, akalala chini akikumbatia hewa. Nyuma yangu, ambako sikujua kama kuna mtu, alikuwapo rafiki yangu. Akaugusa mara moja. Wavu ukatikisika. Kocha alivua kofia yake akaishika kifuani.

Mechi ilipokwisha alikuja moja kwa moja kwangu. "Ule mpira uliouacha," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nafundisha miaka kumi na miwili, sijaona mtu wa majaribio akiuacha mpira ule. Kila mtu angepiga. Wewe ulijua mwenzako yuko nyuma. Njoo Jumanne utie sahihi."

Sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka kwamba nilikimbia. Nilizunguka uwanja mzima peke yangu na kizibao kichwani, nikipiga kelele kama mwendawazimu, na watu waliokuja kutembeza mbwa wakasimama. Rafiki yangu alinidaka kwenye kona, akanikumbatia kwa nguvu, ingawa macho yake yalikuwa mekundu.

"Weye! Uliniona aje? Uko na macho kwa mugongo?"

"Nilikuona," nikasema.

Uongo huo ulitoka kwa haraka ile ile yangu, kabla sijaufikiria. Alicheka, akanipiga kofi la mgongo, akaenda kuleta gari kutoka upande wa pili wa shule. Akapishana na Mama wa Tanga, ambaye alikuwa anakuja na chupa yake ya chai kwapani na uso wa mtu aliyeibiwa.

"We mtoto una wazimu?" akaanza. "Mpira ule! Goli lile! Nakwambia achia, wewe wautanulia miguu upite?"

"Si ulisema niachie, Mama?"

"Ndiyo! Achia! Achia shuti! Pasua nyavu!"

Ilinichukua muda kuelewa. Kule kwao Tanga, ukimwambia mtu aliye mbele ya goli "achia", unamwambia apige kwa nguvu zake zote, aufyatue. Kule kwetu Molo neno hilo halihusiani na kupiga chochote. Mimi ni kifungua mimba wa watoto sita. "Wachia mdogo wako" ndiyo sentensi niliyoisikia mara nyingi kuliko jina langu. Wachia mdogo wako kitanda cha ukutani. Wachia mdogo wako paja la kuku. Wachia mdogo wako mpira, wewe ni mkubwa. Niliachia kwa miaka kumi na minane, nikawa mwepesi wa kuachia, na neno lile liliposikika Herndon halikupitia kichwani. Lilishuka moja kwa moja miguuni, na miguu ikatii.

"Kwetu achia ni kumwachia mtu," nilimweleza kwa sauti ndogo.

"Basi ndio maana kwenu hamfungi magoli," alisema Mama wa Tanga. Kisha akanitazama vizuri, akaelewa na yeye, akashusha sauti. "Mzungu kakupenda?"

"Amenipa nafasi. Kwa sababu ya hilo hilo."

"Funga mdomo wako. Jumanne kasaini."

Ningefunga. Naapa ningefunga. Jumapili nilikuwa na furaha iliyonikosesha usingizi, Jumatatu niliwasukuma wazee taratibu kwa mara ya kwanza maana nilikuwa nafikiria namna ya kutia sahihi yangu. Lakini Jumatatu jioni rafiki yangu alipita kwangu akiwa ametoka kazini. Aliniletea soksi. Jozi yake nzuri ya soksi ndefu za mpira, alizonunua kwa ajili yake mwenyewe, amezifua na kuzikunja kwa ustadi wa hotelini.

"Usiende kusaini na zile soksi zako za kanisani," alisema. "Wataona haya."

Nilizipokea. Alipoondoka nilizitazama juu ya meza kwa muda mrefu, na nikajikasirikia kiasi kwamba niligonga meza kwa ngumi na kuumia.

Jumanne alikuja kunichukua anipeleke Herndon. Nilimsimamisha kwenye ngazi, kabla hatujafika kwenye gari, nikamweleza yote. Achia ya Tanga, achia ya Molo, wadogo zangu, kila kitu. Nilisema kwa kasi, bila kumtazama.

"Kwa hiyo hukuniona," alisema.

"Sikukuona."

"Hata kidogo?"

"Hata kivuli. Bao lilikuwa lako na nafasi ni yako. Twende nimwambie kocha akupe wewe."

Nilitegemea atalia, au atanikumbatia, au vyote viwili. Nilikuwa nimeshaandaa uso wa mtu mwema. Badala yake alikasirika, na sijawahi kumwona amekasirika kabla ya hapo wala baadaye.

"Eh! Unanipa? Weye ni nani wa kunipa?" Sauti yake ilipanda mpaka mlango mmoja wa orofa ya juu ukafunguliwa. "Blanketi walinipa. Sabuni walinipa. Ile manteau, koti ya baridi nilivaa siku ya kufika hapa, walinipa. Nikasema merci, aksanti, merci, mpaka mudomo ikachoka. Hii ya mpira hapana! Mi siko mudogo yako. Sitaki place ya kuachiwa."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka kukushinda." Alishuka ngazi, akazunguka gari, akanifungulia mlango kwa kuuvuta kana kwamba anataka kuung'oa. "Panda. Tunaenda kumuambia, halafu tutacheza."

Mlango wa juu ulikuwa wa Mama wa Tanga. Alichungulia akasema, "Mwanangu, nilikwambia ufunge mdomo," kisha akaurudisha mlango.

Kumweleza Mwingereza habari za neno "achia" si kazi ndogo. Kocha alikuwa amesimama kwenye kibaraza cha shule na karatasi mkononi, kalamu imeshafunguliwa. Nilieleza mara moja, hakuelewa. Rafiki yangu akaeleza kwa Kiingereza chake cha Kifaransa, kocha akachanganyikiwa zaidi. Ikabidi tumwoneshe: mimi nikawa mpigaji, rafiki yangu akawa Mama wa Tanga, begi langu likawa mpira. Alipoelewa alicheka mpaka akajishikilia ukutani kwa sababu ya magoti.

"Neno hilo hilo lina maana zote mbili?"

"Inategemea anayepiga kelele ametoka wapi," nikamjibu.

Kisha kicheko kikaisha. Aliitazama ile karatasi, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni, na moyo wangu ukaenda nayo humo mfukoni.

"Basi sijui chochote kuhusu ninyi wawili," alisema. "Jumamosi, tena. Na yule mama akija, mwambieni apige kelele kwa Kiingereza."

Siku nne zile hatukuzungumza, mimi na rafiki yangu. Hatukugombana, ila kila mtu alikuwa na kazi yake moyoni. Nilikimbia asubuhi kabla ya zamu, kutoka kwetu hadi chuo cha jirani na kurudi. Na kitu cha ajabu ni kwamba nilikuwa na furaha. Nilitegemea nitakuwa na hofu ya kupoteza kile nilichokuwa nacho mkononi, na kweli hofu ilikuwapo, lakini juu yake kulikuwa na msisimko niliokuwa siujui. Kwa mara ya kwanza kuna mtu alikuwa amenikataza kumwachia.

Jumamosi Mama wa Tanga alikuja na kiti chake cha kukunja na Kiingereza chake. "Shoot!" alipiga kelele mwamuzi alipopuliza filimbi ya kuanza. "Shoot!" tulipotoa pasi nyuma. "Shoot!" hata kipa wetu alipoudaka mpira, mpaka kipa akamgeukia kumtazama. Kocha alijifunika uso kwa kofia.

Tulikuwa tena upande mmoja, na rafiki yangu alifunga mapema. Aliupokea mpira kwa kifua, akamwacha beki akitafuta funguo, akapiga kwa ndani ya mguu, chini, pembeni, kwa adabu. Nilimpongeza kwa kumgusa bega, na mkono wangu ulikuwa wa baridi. Baada ya mapumziko nikasawazisha naye. Ilikuwa kona, niliruka juu ya mtu aliyenizidi kichwa kizima, nikaugonga mpira kwa paji la uso na nikausikia ukigonga mwamba kwa ndani kabla haujaingia. Mlio ule! Ningeweza kuusikiliza siku nzima. Nilitua chini nikiwa nimeng'ata ulimi, damu mdomoni, na nikacheka.

Bao moja kila mmoja, na dakika zikawa zinakwisha. Nilijua, naye alijua, na nadhani kila mtu uwanjani alijua. Mabeki wa upande wa pili, waliokuwa wamekuja tu kufanya mazoezi, walianza kucheza kama wanaolinda nyumba zao. Nilikuwa nimechoka mpaka naona nyasi zinapumua. Kila mara nilipotazama, rafiki yangu alikuwa hapo pembeni, ameshika kiuno, anatazama mpira tu.

Ikaja kona nyingine. Kipa akaupiga mpira ngumi, ukapanda juu sana, ukashuka polepole katikati yetu sisi wawili. Niseme ukweli: ulikuwa wake. Ulikuwa hatua moja kutoka kwake na hatua mbili kutoka kwangu, na yeye alikuwa amelitazama goli, mimi nimeligeuzia ubavu. Alishainua mkono kuniweka mbali.

"Yangu!" alisema.

Neno hilo lina maana moja tu Molo, Tanga na Bukavu. Nililisikia barabara. Nilijitupa mbele ya kifua chake nikaupiga mpira ukiwa bado hewani, kwa nguvu zote nilizowahi kuwa nazo, na tukaanguka wote wawili, mimi juu yake. Sikuuona ukiingia. Nilimwona Mama wa Tanga akiinuka na kiti chake, amesahau Kiingereza chote, akipiga vigelegele.

Kocha alipuliza filimbi. Alitembea kwa magoti yake mabovu mpaka tulipokuwa tumekaa, akanielekezea kidole. "Namba tisa ni wewe." Kisha akamtazama mwenzangu, akavua kofia. "Pole. Umecheza vizuri kuliko yeye kwa dakika themanini. Mtu akiumia nitakupigia simu."

"Usinipigie," rafiki yangu alisema. "Nitatafuta timu yangu." Na aliipata, Maryland, mwaka huo huo, na walikuja kutufunga.

Alibaki amekaa pale chini, anang'oa nyasi moja moja kwenye soksi zake.

"Nilisema yangu," aliniambia.

"Nilikusikia."

"Ulinisikia muzuri?"

"Vizuri kabisa."

Akatikisa kichwa polepole, akainuka, akaenda kuleta gari.

Mama wa Tanga aliketi nyuma. Alifumba macho akajifanya amelala. Tuliingia barabara kuu ya Beltway. Rafiki yangu aliendesha kwa mikono yote miwili, macho mbele, na machozi yakimshuka bila sauti, mengi, yakidondoka kwenye jezi. Nilitaka kumhurumia. Nilijitafuta ndani, nikaitafuta ile huruma niliyofundishwa miaka yote nyumbani, na haikuwapo. Kulikuwa na furaha tu. Furaha kubwa, chafu, isiyo na adabu, iliyojaa kifuani mpaka kooni. Niligeukia dirishani nikang'ata midomo, nikang'ata na ule ulimi wenye kidonda, nikaanza kuhesabu magari yaliyotupita ili nisicheke.

"Cheka tu," alisema, bila kunitazama. "Utapasuka."

Nikacheka. Nilicheka mpaka nikainama magotini, nikashindwa kuvuta pumzi, na kando yangu yeye aliendelea kulia, akipangusa macho kwa mgongo wa mkono ili aione barabara.